Kabari

Tuliporudi kutoka Kongo paa lilikuwa limekwenda,
milango imekwenda, na bawaba zake.
Pikipiki ilikuwepo.
Baba aliizika katika tanuru bovu la matofali,
akaziba mdomo wa tanuru kwa udongo,
na kwenye tundu la plagi alimimina oili hadi pomoni,
kama mtu amlishaye mgonjwa asiyejua atarudi lini.

Yamaha mia moja, ya kukagulia tumbaku,
nyekundu yake imefifia ikafanana na tanuru.
Miaka saba. Nge wawili ndani ya taa.

Nilimfuata Fundi Farajala sokoni Arua.
Hakuinua macho kutoka kwenye redio aliyokuwa akiichoma risasi.
“Mapigo mawili haina siri nyingi,” alisema.
“Cheche, mafuta, mbano.
Mojawapo linakudanganya.”

Basi nikaanza kuyahoji.
Nilifungua plagi, nikaisugua kwa msasa,
nikailaza juu ya chuma, nikapiga teke:
cheche, ya buluu, nyembamba, kweli.
Nilizibua jeti kwa unywele wa mkia wa ng'ombe.
Nilichanganya petroli na oili kwenye chupa ya Mirinda,
nikitikisa hadi rangi ikawa ya chai ya rangi.
Niliziba tundu kwa kidole gumba;
injini ikakisukuma nje, *pop*, bila adabu.

Yote matatu yalikuwa mashahidi wema.
Na haikuwaka.

Siku ya pili ilipiga chafya kinyumenyume
kupitia kabureta, ikaniunguza nyusi,
kisha kiki ikarudi na nguvu zangu zote
ikanipasua kifundo cha mguu.
Anguzu wa jirani, miaka sita, alicheka hadi akakaa chini.
Nilimwambia atoke. Hakutoka.

Siku ya tatu nilifungua upande ambao sikuwa nimeufungua.
Nati ya magneto ilizunguka kwa vidole.
Nikasimama hapo.
Baba, aliyekuwa akikaza hata kifuniko cha kopo la chumvi
mpaka mama amwite akifungue,
hakuacha nati legelege maishani mwake.

Nililing'oa gurudumu.
Kwenye mhimili kulikuwa na kijishimo cha kabari,
kile cha nusu mwezi, kisichozidi ukucha,
kinachoiambia cheche: sasa.
Kitupu. Kisafi. Kimepakwa grisi.
Kabari haikuvunjika.
Ilitolewa.

Wangeipata, wale askari,
wangepiga teke mpaka jua litue,
wakiona cheche, wakinusa petroli,
na cheche ikija daima kabla ya wakati au baada yake.

Nilikata kipande cha jembe lililovunjika,
nikakipiga tupa tangu asubuhi hadi vivuli viligeuka upande,
nikipima, nikiondoa, nikipima.
Teke la kwanza, kimya.
La pili, kikohozi.
La tatu, kuku wote wa Vurra wakaruka,
na moshi ule wa buluu, mtamu kidogo,
niliokuwa nimesahau kwamba ndio harufu
ya saa kumi na mbili jioni.

Mama alitoka kwenye karanga, udongo hadi viwikoni.
Hakuuliza kitu.
Alifungua fundo la kitenge chake,
ndani ya fundo kitambaa, ndani ya kitambaa
nusu mwezi.

“Alinipa pale mpakani,” alisema, akipaza sauti juu ya injini.
“Akasema shika, nawafuata mbuzi.
Mimi nilidhani ni cha cherehani.”

Nilinyosha mkono, mweusi wa oili.
Aliutazama mkono. Aliitazama pikipiki
ikitetemeka juu ya stendi yake.
Akafunga tena fundo, mara mbili, akalikaza kwa meno.
“Chako kikikatika,” alisema, “utanijia.”

Akarudi kwenye karanga.
Nikafunga koki. Petroli ni ghali.
Injini iliendelea kidogo na iliyokuwa imebaki kwenye bakuli,
kisha ikanyamaza.